Una Nini Nyumbani Mwako?

Darasa juu ya kadari, taabu, na wajibu wa kila mtu juu ya nafsi yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu Waislamu, katika maneno yasikiwayo sana mabarazani mwetu hakuna lililo jepesi ulimini na zito kwa madhara kama neno hili: ndivyo nilivyoandikiwa. Hulisema kijana aliyechoka kutafuta kazi, akakaa. Hulisema baba aliyewaacha wanawe kwa mama yao, asiwapelekee hata kibaba cha unga. Hulisema mfanyabiashara aliyefilisika akafunga duka na kuufunga na moyo wake pamoja nalo. Na hulisema aliyenaswa na madawa ya kulevya, akaona kuwa mlango umekwisha fungwa na ufunguo umetupwa baharini.

Neno lenyewe kwa dhahiri yake ni neno la imani, kwani Muislamu hana budi kuamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini dawa njema ikinywewa pasipo ugonjwa wake huwa sumu. Darasa yetu ya leo ni ya kutazama mahali pa neno hili: wapi ni imani, na wapi ni kisingizio tu kilichovaa kanzu ya imani. Tena tutazame lile lililo kubwa kuliko hilo, nalo ni hili: mtu aliyezungukwa na dhiki kila upande, ataka nini kwake Mola wake? Na maisha yake yana maana gani naye hana kitu?

KADARI NA KISINGIZIO

Imekuja katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kuwa Sayyidna Umar alitoka Madina kwenda Shamu, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapashwa habari kuwa tauni imeingia nchini. Akashauriana na Muhajirina, kisha na Ansari, kisha na wazee wa Kikureshi, akakata shauri kurejea na watu wake. Abu Ubaida, aliyekuwa amiri wa Shamu, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa naam, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu na kuikimbilia kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na wa pili ni mkavu. Akilisha penye malisho amelisha kwa kadari, na akilisha penye ukame amelisha kwa kadari.

Tazama, ewe ndugu, ufahamu wa mtu huyu. Hakusema kuwa kadari haiko. Alisema kuwa kadari imezienea pande zote mbili za bonde, basi haiwezi kuwa hoja ya kuchagua upande mkavu. Mchungaji ndiye aliyepewa macho ya kuona majani yalipo na miguu ya kuyaendea, na atakapoulizwa ataulizwa juu ya macho yake na miguu yake.

Tena katika kisa hiki mna jambo ambalo wengi hulipita. Tauni ile, ijulikanayo kwa jina la tauni ya Amwas, ilimwua Abu Ubaida mwenyewe katika mwaka 18 wa Hijra (639), naye yuko pamoja na watu wake ambao hakupenda kuwaacha. Umar alirejea, na Abu Ubaida alibaki, na wote wawili walitenda wajibu wao. Mmoja alikuwa na watu walio nje ya balaa, wajibu wake kuwaepusha nayo. Wa pili alikuwa na watu waliokwisha kuwamo ndani, wajibu wake kuwa nao. Balaa ni moja, lakini swali linaloulizwa kila mtu ndani ya balaa hiyo si moja.

Na wanazuoni wamepambanua mapambanuo mazuri, wakasema kuwa kadari hutolewa hoja katika misiba, wala haitolewi hoja katika maasi. Mtu akifiwa na mwanawe, akasema kuwa Mungu amekadiri, hilo ni neno la subira. Lakini mtu akila amana ya yatima kisha akasema kuwa Mungu amekadiri, hilo ni wizi juu ya wizi. Wala hakuna mtu afanyaye hivyo katika mambo yake yenyewe ayapendayo. Hatujapata kumwona mwenye njaa akaacha sahani iliyo mbele yake kwa kungoja kadari imtie tonge kinywani. Wala hatujapata kumsikia nahodha, wakati wa kusi, akiona upepo unazidi akaacha kupunguza tanga kwa kuwa ajali imekwisha andikwa. Mtu huikumbuka kadari hapo tu atakiwapo kufanya jambo zito.

Na wako wengine wasiosema kadari, bali husema: nimerogwa, au nina jicho baya, au fulani amenifunga riziki. Basi humwendea mganga, wakatoa kuku na ubani na fedha ambazo lau wangezitia katika mtaji mdogo zingewafaa. Sisi hatusemi kuwa husuda haiko, kwani Qurani imetufunza kujikinga nayo, na kinga yake tumefunzwa, nayo haiuzwi. Tusemalo ni hili: mtu aliyeamini kuwa riziki yake imefungwa kwa fundo la mwenziwe amekwisha jivua nafsi yake. Hana tena la kufanya ila kumtafuta adui, na adui wa namna hiyo hapatikani ila miongoni mwa jamaa na majirani. Hivyo hupoteza mali, kisha hupoteza na ndugu, na riziki haikufunguka.

MTU WA KI-ANSARI NA VITU VYAKE VIWILI

Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik habari ya mtu mmoja katika Ansari aliyemjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume hakumpa kitu wala hakumfukuza. Alimuuliza kama nyumbani mwake mna kitu chochote. Yule mtu akasema kuwa mna nguo moja nzito, sehemu yake huvaa na sehemu yake hutandika, na mna chombo cha kunywea maji. Mtume akamwamrisha avilete vyote viwili.

Alipovileta, Mtume akavishika kwa mkono wake, akauliza watu waliokuwapo ni nani atakayevinunua. Mtu mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, akarudia mara mbili au tatu, hata mtu mwingine akatoa dirhamu mbili. Akampa yule Ansari dirhamu zake mbili, akamwambia kwa moja anunue chakula awapelekee watu wake, na kwa ya pili anunue shoka amletee. Alipolileta, Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni na kuziuza, na akamwambia asimwone kwa muda wa siku 15.

Mtu yule akaenda akikata kuni na kuuza, kisha akarejea naye amepata dirhamu 10. Kwa baadhi yake akanunua nguo, na kwa baadhi yake chakula. Mtume akamjulisha kuwa hilo ni bora kwake kuliko kuja siku ya Kiyama na kuomba kukawa ni alama usoni mwake. Kisha akambainishia kuwa kuomba hakufai ila kwa watu watatu: mwenye ufukara ulioangusha chini, mwenye deni zito lililomlemea, na mwenye kubeba diya ya damu iumizayo.

Ndugu zetu, kisa hiki ni kifupi, lakini ndani yake mna madrasa nzima. Na tukisimame kidogo kidogo.

Jambo la kwanza ni swali lenyewe. Mtu yule alikuja na hesabu ya asichokuwa nacho, naye Mtume akamrejeza kwenye hesabu ya alichonacho. Mwenye taabu, macho yake huona tundu tu. Huhesabu kazi iliyopotea, mume aliyekufa, afya iliyokwenda, miaka iliyopita bure. Hesabu hiyo ni ya kweli wala hatuikanushi, lakini hakuna awezaye kujenga nyumba kwa mawe yasiyokuwapo. Ujenzi wote huanza kwa kilichobaki, hata kama kilichobaki ni nguo moja na chombo cha maji.

La pili, Mtume hakumkemea. Hakumuuliza amefikaje hali ile, wala ni kosa la nani. Maswali hayo yana wakati wake, lakini mwenye njaa hashibi kwa kujua aliyemnyima. Wala hakumwambia tu asubiri.

La tatu, tuangalie mpango wa dirhamu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chakula, na ya pili ya shoka. Lau zote mbili angelazimishwa kuzitia katika shoka, watoto wangelala na njaa naye asingekuwa na nguvu ya kukata kuni. Na lau zote mbili zingekwenda katika chakula, siku ya tatu angerejea pale pale. Hii ndiyo hekima ambayo wengi wetu tumeikosa, maskini na tajiri. Maskini hula dirhamu zote mbili. Na tajiri wakati wa Ramadhani hutoa za chakula peke yake, mwaka baada ya mwaka, kwa watu wale wale, asijiulize hata siku moja wapi ilipo dirhamu ya shoka.

La nne, ule mpini. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye shughuli za umma mzima, aliketi akatia mpini shoka la mtu mmoja fakiri. Na wale waliokuwapo wakanadia vitu vyake, mmoja akamzidi mwenziwe. Basi asiseme mtu kuwa kuwajibika ni kila mtu na lwake. Wajibu wa mtu juu ya nafsi yake hauondoi wajibu wa jamaa juu yake. Sisi twatakiwa kutia mpini, naye atakiwa kukata kuni. Tukimwachia shoka lisilo mpini tumemdhulumu, na tukimkatia kuni sisi wenyewe tumemdhulumu pia.

La tano ni zile siku 15. Aliambiwa asionekane. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kuanza jambo zito hutamani kurejea siku ya pili na malalamiko: shoka ni butu, kuni ziko mbali, wanunuzi ni wachache. Alipewa muda uliokadiriwa, wala si maisha yote. Mtu aliyevunjika moyo akiambiwa abadilishe maisha yake yote, huona mlima. Akiambiwa siku 15, huona njia. Bandu bandu huisha gogo.

NANI AKUNGOJAYE?

Lakini atasema msemaji: hayo ni ya riziki. Je, yule ambaye taabu yake haiondoki kwa shoka? Mgonjwa asiyetarajiwa kupona, mama mwenye mtoto kilema, mfungwa, mzee aliyebaki peke yake? Hao wana nini nyumbani mwao?

Jawabu yake ni kuwa yule Ansari hakuwa na nguo na chombo peke yake. Alikuwa na watu wake waliokuwa wakingoja chakula, na Mtume aliwakumbuka kabla ya shoka. Maana ya maisha ya mtu haitafutwi ndani ya taabu yenyewe, kama mtu achimbuaye jiwe akitafuta maji. Hutafutwa kwa yule au kwa lile limngojalo upande wa pili wa taabu.

Mtazameni Bibi Hajar. Aliachwa katika bonde lisilo mmea, na maji yakamwishia, na mwanawe analia kwa kiu. Hakuwa na mtu wa kumlaumu wala wa kumwita. Alipanda Safa akatazama, akashuka akaenda Marwa akatazama, mara saba. Na maji hayakutoka Safa wala Marwa, yalitoka pale alipokuwa mtoto. Mbio zilikuwa zake, na mahali pa maji hapakuwa pake kupachagua. Na mbio hizo, za mama mmoja mwenye dhiki, Mwenyezi Mungu amezifanya ibada, na kila mwaka mamilioni ya mahujaji huzirejea hatua zake. Wafalme wangapi wa zama zile wamesahauliwa, na mbio za mwanamke yule zingaliko!

Na Qurani imetusimulia Bibi Maryamu katika uchungu wa kuzaa, naye peke yake chini ya mtende, akaamrishwa autikise mti. Mwanamke katika hali hiyo ana nguvu gani ya kutikisa mtende? Na Nabii Ayyub, katika ugonjwa wake mrefu, akaamrishwa aupige mguu wake ardhini. Mwenye kuotesha tende na kutoa maji ni Mwenyezi Mungu, naye hakuhitaji mkono wa mzazi wala mguu wa mgonjwa. Lakini hata wao hakuwaacha bila ya jambo dogo la kufanya. Hapana shaka kuwa ndani yake mna heshima kubwa, kwani anayeamrishwa bado ahesabiwa kuwa ni mtu.

Na katika wanazuoni, tumkumbuke Imamu Sarakhsi wa madhehebu ya Hanafi. Katika karne ya 5 ya Hijra alifungwa huko Uzgand, katika nchi ya Farghana, na wapokezi wa tarehe wasimulia kuwa alitiwa katika shimo, akakaa kifungoni miaka mingi. Hakuwa na vitabu vyake. Alikuwa na vitu viwili: yaliyomo kifuani mwake, na wanafunzi waliokuja wakakaa juu ya shimo. Basi akawasomea naye yu chini, nao wakaandika wakiwa juu, na hivyo kikapatikana kitabu Al-Mabsut ambacho chapa yake ina juzuu 30. Lau wanafunzi wale wasingekuja, na lau yeye angesema kuwa ameandikiwa shimo basi imekwisha, umma ungepungukiwa na hazina hiyo.

Na Imamu wetu Shafi, ambaye watu wa pwani hii twafuata madhehebu yake, alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra (767), akafiwa na baba naye mdogo, na mama yake akamchukua Makka. Mama huyo hakuwa na ujira wa kumlipa mwalimu, na mtoto hakuwa na karatasi, akawa akiandika juu ya mifupa na juu ya karatasi zilizokwisha tumiwa diwanini. Twataja jina la Imamu kila siku, na mama yule hatumtaji. Lakini ndiye aliyejiuliza ana nini nyumbani mwake, akajiona ana mtoto mmoja yatima mwenye akili.

Na karibu na sisi zaidi, hapa hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alifiwa na baba yake angali mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Alipokuwa mtu mzima aliikuta nchi imetawaliwa na wageni na watu wake wamerudi nyuma. Hakuwa na jeshi wala hazina. Alikuwa na kalamu. Mwaka 1930 akaanza karatasi yake ya Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, akiwahimiza Waislamu kusoma, kusomesha wanawake, kuacha ubadhirifu wa harusi na matanga, na kutazama aibu zao kabla ya kutazama za wengine. Alikufa mwaka 1947 naye ni Kadhi Mkuu wa Kenya. Yatima mmoja aliyetiwa mpini na jamaa yake, akakata kuni ambazo sisi twaotea moto hata leo.

SHUBHA NA JAWABU YAKE

Hapa huja shubha ambayo haifai kuachwa. Atasema mtu: nyinyi masheikh mwawalaumu wanyonge. Kazi zimekwenda kwa sababu ya mambo ya wakubwa, nanyi mwatuambia tujitazame wenyewe.

Twajibu kuwa sehemu ya neno hili ni haki. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, kisha mizigo ya bandari ikaamrishwa ipande reli, wako madereva wa malori, makuli, wenye maghala na mama zetu wauzao chakula njia ya Changamwe na Miritini waliopungukiwa na riziki bila ya kosa lao, hata agizo lile lilipoondolewa mwaka 2022. Kumwambia mtu kama huyo kuwa ni mvivu ni uwongo, na uwongo juu ya fakiri ni mbaya zaidi.

Lakini tuwatazame wavuvi wa Lamu. Ilipokuja kujengwa bandari mpya, maji waliyovua wao na babu zao yakachimbwa. Hawakusema tu kuwa ndivyo walivyoandikiwa, wala hawakwenda kwa mganga, wala hawakuchoma kitu cha mtu. Watu wa Lamu walipeleka daawa mahakamani mwaka 2012, wakasubiri miaka, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikahukumu kuwa haki zao zimevunjwa, na kuwa wavuvi wapatao 4,600 walipwe kadiri ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu haikuwarejeshea bahari yao kama ilivyokuwa, wala malipo hayakuja kesho yake. Lakini walikuwa na kitu nyumbani mwao: ushahidi wa maisha yao na umoja wao, nao wakavitumia. Basi kuwajibika si kunyamazia dhulma. Mwenye kudai haki yake kwa njia ya haki amewajibika, na mwenye kukaa akiilaani dhulma kutwa asinyanyue mkono, amemsaidia mdhalimu.

Na juu ya vijana wetu walionaswa na unga, jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu, hapa yatupasa insafu. Matabibu watujulisha kuwa hili hugeuka maradhi ya ubongo, na mgonjwa hatibiwi kwa matusi. Lakini maradhi hayo yana dawa na yana njia. Mwaka 2015 dawa ya methadoni ilianza kutolewa katika hospitali za serikali Malindi na Mombasa, na wako waliorejea kwa wake zao na kazi zao kwa sababu ya kuinywa kila siku bila ya kukosa. Kijana hawezi kuubadilisha mwili wake kwa usiku mmoja, lakini aweza kuamka asubuhi akaenda hospitali. Huo ndio mtende wake wa kutikisa. Na baba yake, badala ya kumfungia mlango au kumfunga mnyororo, aweza kufuatana naye. Huo ndio mpini. Na yule amwuzaye sumu hii kisha akaja akasimama safu ya mbele msikitini, huyo hana hoja katika kadari wala katika umaskini.

YATUPASAYO

Basi, ndugu zetu, tusimalize darasa hii kwa maneno peke yake. Kila mmoja wetu na afanye mambo manne.

Kwanza, na akae faragha baada ya sala ya alfajiri, aandike katika karatasi alichonacho: afya aliyobakiwa nayo, ufundi aujuao, saa zake za siku, jamaa wamwaminio, ilmu aliyoipata. Asidharau kitu. Ile nguo moja na chombo cha maji vilikuwa mtaji.

Pili, aandike jina la amngojaye, awe ni mtoto, mzazi, mwanafunzi au jirani. Asiyeona mtu amngojaye na atazame tena, kwani mji wetu hauna upungufu wa mayatima wasio wa kuwasikiza Qurani yao, wala wazee wasio wa kuwatekea maji.

Tatu, ajipangie siku 15 za kazi moja tu, na azikamilishe kabla ya kulalamika.

Nne, mwenye nafasi na amtafute mtu mmoja, si watu mia, amtilie mpini: amnunulie cherehani, au wavu, au amlipie mtihani, au amfuatishe hospitali. Na zile kamati zetu za zaka zipange hesabu mbili, ya chakula na ya shoka, ili mpokeaji wa mwaka huu aweze kuwa mtoaji wa mwaka ujao.

Na kwa yule ambaye taabu yake haina mwisho wa karibu, twamwambia: wazee wetu walisema kuwa heri kufa macho kuliko kufa moyo. Hukuulizwa kwa nini mzigo wako ni mzito kuliko wa jirani yako, wala siku ya hesabu hutaulizwa hilo. Utaulizwa ulifanya nini nao na ulipokuwa umeubeba ulimwangalia nani. Hajar hakuijua Zamzam alipoanza hatua ya kwanza. Alijua tu kuwa mtoto alia.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe tulicho nacho tusije tukakidharau, na walio wetu tusije tukawasahau. Tupe subira katika tusiloweza kuligeuza, na utupe himma katika tuliloweza, wala usitujaalie kuifanya kadari yako kuwa kisingizio cha uvivu wetu. Wafungulie wenye dhiki, uwaponye wagonjwa wetu, na utufanye sisi kuwa sababu ya kheri hiyo. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.